Ndugu yangu amenyimwa cheti cha ulemavu kwa kuwa alijibu maswali vizuri

Dada wa Umoja
Habarini. Ndugu yangu anayenifuata ana miaka 31. Alikuwa fundi cherehani katika soko la Gikomba, Nairobi, wateja wakimfuata kwa jina. Mwaka 2016 akaanza kusikia sauti, na daktari akasema ni skizofrenia. Amelazwa mara tatu, na kila mwezi nampeleka kudungwa sindano.

Mwezi jana tulienda kufanyiwa tathmini katika hospitali moja ya serikali, apate kadi ya ulemavu, tuombe na zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia wasiojiweza. Nilimpigia shati pasi. Akaulizwa jina lake, leo ni siku gani, rais ni nani. Akajibu yote. Mimi sikuulizwa lolote. Fomu ikarudi imeandikwa hana ulemavu.

Laiti wangekuja nyumbani usiku! Anaziba tundu la kufuli kwa karatasi za unga ili "wale" wasimchungulie. Chai nikimwachia asubuhi, jioni naikuta vilevile, hadi nimwambie kunywa. Cherehani iko chini ya kitanda, haigusi. Nianzie wapi kukata rufaa? Nimechoka, lakini siachi.

Muuguzi mstaafu
Pole sana dada. Nimehudumu wodi za akili miaka mingi. Mgonjwa aliyetulizwa na dawa huonekana mzima kwa zile dakika kumi, na kutulia si kupona.

Rudi kwa daktari wa kliniki anayemjua. Barua ya kusema tu "ana skizofrenia" haitawasogeza. Aandike ugonjwa ulianza lini, amelazwa lini na lini, dawa zinamfanyaje, na hasa mambo asiyoweza kufanya bila kusimamiwa. Wewe nawe chukua daftari uandike kila siku, mwezi mzima, kama ulivyoandika hapa habari ya chai na tundu la kufuli. Na siku ya kurudi, waambie lile shati ni wewe uliyelipiga pasi.

Karani, Donholm
Mimi nina baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nilikataliwa pia, nikitafuta msamaha wa kodi wanaopewa wenye ulemavu kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Waliniambia mtu aliyeajiriwa hawezi kuwa na ulemavu. Iliniuma sana.

Andika barua uombe sababu za uamuzi kwa maandishi; Katiba, kifungu cha 47, inakupa haki hiyo. Omba tathmini irudiwe mbele ya daktari wa magonjwa ya akili. Taja na kifungu cha 260: kinapoeleza ulemavu kinataja akili waziwazi, na kipimo chake ni athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku. Chai isiyonywewa ni shughuli ya kila siku, dada. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Wakinyamaza, nenda Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Hawatozi chochote.

Dada wa Umoja
Mungu awabariki. Daftari nimenunua, na Jumatatu ni siku ya sindano, nitamwomba daktari barua. Leo nimemuuliza ndugu yangu kama ananiruhusu kuandika mambo yake. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Andika pia kwamba nilikuwa nashona."