Mama kaacha diazepam ghafla, sasa anatetemeka. Naombeni ushauri

Binti_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Baba alipofariki mama akakosa usingizi kabisa, akaandikiwa diazepam. Ilikuwa iwe ya wiki chache, ikapita mwaka. Wiki iliyopita akaacha mwenyewe, hataki tena kutegemea vidonge. Siku za mwanzo alikuwa sawa tu. Tangu juzi mikono inamtetemeka hadi maji yanamwagika kwenye kikombe, jasho linamtoka, na mlango ukigongwa anaruka. Dawa si imeshatoka mwilini? Mbona hali ndiyo inaharibika?

Mvumilivu: Pole dada. Mwache avumilie, sumu itoke. Akirudia tu ndiyo basi tena.

Mfamasia_Mstaafu: Mvumilivu, hapana, ushauri huo unaweza kuua. Binti, mpeleke mama hospitali leo hii.

Ubongo una kemikali inayoitwa GABA, ambayo ndiyo breki yake. Ikishika kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kloraidi (chembe zenye chaji hasi) huingia ndani ya seli ya neva na seli hiyo inatulia. Diazepam haifanyi kazi hiyo peke yake, inaipa GABA nguvu zaidi. Sasa ukiitumia muda mrefu, ubongo unajirekebisha: vipokezi vinapunguza usikivu, na upande wa kuchangamsha, ule wa glutamati, unapanda ili kusawazisha. Dawa ikiondoka ghafla, breki imelegea na mchangamko bado uko juu. Ndiyo hiyo mitetemo. Ikizidi inakuja degedege.

Kuhusu siku za mwanzo: diazepam hutoka polepole mno. Nusu yake tu yaweza kuchukua saa 20 hadi 50, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile na kukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo shida huchelewa kujitokeza.

Binti_Mkubwa: Asante sana mzee wangu. Nimpe nusu kidonge kwanza? Halafu huwa anameza tramadol, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti.

Mfamasia_Mstaafu: Usimpimie wewe. Daktari ataamua kiasi, kisha atampunguzia kidogokidogo kwa wiki nyingi, pengine miezi. Na hiyo tramadol umefanya vizuri mno kuitaja, waambie kabla ya kitu kingine chochote. Yenyewe inaweza kuleta degedege, na ikikutana na diazepam zote mbili zinakandamiza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Pombe nayo ni hivyohivyo.

Nesi_Zamu: Naongezea. Bebeni pakiti zote za dawa, hata zilizoisha. Akipatwa na degedege njiani mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni, msimshikilie kwa nguvu. Na mama asilaumiwe, jamani. Hata anayemeza kama alivyoandikiwa, ubongo wake unazoea vilevile.

Binti_Mkubwa: Tunatoka sasa hivi. Pakiti ninazo.