Wauza droni za RTK, hizo "sentimita 2" zenu mnazitoa wapi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kila muuzaji wa droni ya kupimia ardhi yenye RTK (mfumo wa kusahihisha GPS papo hapo kwa msaada wa risiva iliyosimama chini, yaani besi) anakuimbia usahihi wa sentimita 2, na hakuna hata mmoja anayekwambia kwamba jua nalo lina kauli kwenye hizo sentimita.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa alasiri, anga nyeupe, setilaiti kibao kwenye skrini. Bado ikawa fiksi (mahali pameshikwa kwa sentimita), floti (bado inakisia), fiksi, floti. Nalinganisha na alama za ardhini, kimo kinaruka. Nampigia muuzaji, ananiambia: "Sasisha programu bosi, halafu kagua antena." Antena imekosa nini?

Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yake hayafiki chini bila kupita ionosfia, tabaka lililojaa elektroni zilizong'olewa na mionzi ya jua. Jua likichachamaa, elektroni zinaongezeka na mawimbi yanachelewa zaidi. RTK inafuta kosa hilo kwa kuamini kwamba besi na droni ziko chini ya anga lile lile. Zikiwa karibu, sawa. Zikiachana, kila moja ina ionosfia yake. Karatasi za wauzaji zinasema ongeza kosa la milimita 1 kwa kila kilomita kati ya besi na droni. Labda siku jua limelala!

Na nyie wa "angalia Kp kabla ya kurusha", hebu tulieni. Kp ni kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9. Ukiwa karibu na ikweta ya sumaku, jua likishazama ionosfia inafanya mapovu, mawimbi yanayumba, risiva inaachia setilaiti, na Kp yako inasoma 1 kwa raha zake.

Mei 2024 ilipiga dhoruba ya jua ya G5, daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Marekani, matrekta yanayoongozwa na GPS yakashindwa kushika mstari msimu wa kupanda. Habari dunia nzima. Wauzaji wetu? Kimya, matangazo ni yale yale.

Sasa mteja anataka nirudie kazi bure, na aliyeniapia sentimita 2 hapokei simu. Kama kuna mtu ana karatasi ya udhamini inayotaja ionosfia, hata kwa herufi za chini kabisa, aiweke hapa tuione.