Kisima cha Kigamboni kinageuka chumvi baada ya saa mbili za kupampu: tuongeze kina au tukifupishe?

Fundi_wa_Pwani aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu kisima cha jumuiya ya watumia maji huku Kigamboni, mita 600 hivi kutoka baharini. Takwimu zake ni hizi.

Kina ni mita 48. Tundu ni la inchi 8, bomba la PVC la inchi 5 (kipenyo cha ndani milimita 125). Skrini (vipande vya bomba vyenye matundu ya kuingiza maji) zimekaa kuanzia mita 24 hadi 45, changarawe ya chujio kuanzia mita 20 hadi chini kabisa. Maji tuli (pampu ikiwa imezimwa) yako mita 11.2 kutoka usawa wa ardhi. Kwa GPS ya mkononi, ardhi hapo iko mita 12 juu ya usawa wa bahari. Logi ya uchimbaji inaonyesha mchanga wa kati wenye vipande vya matumbawe mpaka chini, hakuna mfinyanzi wa maana. Pampu inatoa mita za ujazo 6 kwa saa, na maji yanashuka sentimita 85 kisha yanatulia.

Kilipopimwa mwanzoni kwa mita za ujazo 2 kwa saa, muda wa saa mbili, EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda chumvi ikiongezeka) ilikuwa 1,020 µS/cm na kila mtu akafurahi. Sasa kwa pampu hii, dakika 30 za kwanza EC ni 1,150, baada ya saa mbili 2,300, baada ya saa sita 4,200. Ikizimwa usiku, asubuhi inaanzia 1,900. Maabara imetoa kloridi miligramu 1,350 kwa lita kwenye sampuli ya saa ya sita. Kisima kifupi cha jirani kina kloridi 120.

Mchimbaji anashauri tushuke mpaka mita 70 "kuyapita maji ya chumvi". Je, ni sahihi? Na kama si sahihi, tufanye nini?

Mwamba_na_Maji alijibu:

Mkuu, msishuke hata mita moja. Umeweka takwimu zinazotosha kuona tatizo, na wengi huwa hawaziweki, kwa hiyo hongera.

Maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga. Lita ya maji matamu ina kilo 1, lita ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ndiyo kanuni ya Ghyben na Herzberg, ya miaka ya 1888 na 1901, na bado ndiyo hesabu ya kwanza kufanya kwenye mwambao wowote.

Kwako: ardhi mita 12, maji tuli mita 11.2, kwa hiyo maji yako yamesimama mita 0.8 juu ya bahari. Mara 40 unapata mita 32 chini ya usawa wa bahari, yaani mita 44 kutoka juu ya ardhi. Skrini yako inaishia mita 45 na tundu linaishia 48. Kisima kiligusa chumvi tangu siku kilipochimbwa. Kipimo cha saa mbili kwa pampu ndogo hakikuwa na nguvu ya kuivuta, ndiyo maana kilidanganya.

Angalia pia hiyo sentimita 85. Maji yakishuka sentimita 85 kutoka sentimita 80, usawa ndani ya kisima uko chini ya bahari kila pampu inapowaka. Chini ya skrini chumvi inavimba kwenda juu kama kichuguu. Ukizima, kichuguu kinazama polepole, lakini hakirudi kilipotoka, kwa sababu sehemu ya chumvi imeshachanganyika na maji matamu ndani ya vinyweleo vya mchanga. Ndiyo maana asubuhi unaanzia 1,900 na si 1,020.

Kiwango cha kupampu ambacho kichuguu hakitafika kwenye skrini kinakadiriwa hivi: Q = 2π × K × 0.025 × 0.3 × d². Hapo d ni umbali kutoka chini ya skrini mpaka kwenye mpaka wa chumvi, na 0.3 ni kwa sababu kichuguu kikipanda zaidi ya theluthi ya umbali huo kinaruka ghafla. K, yaani urahisi wa maji kupita kwenye mchanga, tunaikadiria kutoka kwenye pampu yako: mita za ujazo 144 kwa siku gawanya kwa 0.85, zidisha 1.22 (makadirio ya Logan), gawanya kwa mita 21 za skrini. Inakuja karibu mita 10 kwa siku, na hiyo inaingia akilini kwa mchanga wa kati.

Tazama hiyo d mraba. Ukiwa mita 15 juu ya chumvi unaruhusiwa takriban mita za ujazo 106 kwa siku. Ukiwa mita 5 juu yake, 12 tu. Umbali umepungua mara tatu, maji yamepungua mara tisa. Mtu anayeongeza kina pwani anakula hiyo d yake mwenyewe.

Kipimo_Sahihi alijibu:

Naunga mkono, ila kabla ya kuzungumzia marekebisho thibitisheni chanzo cha chumvi. Pwani hii kuna chanzo zaidi ya kimoja: bahari ya leo, maji ya kale yaliyobaki ndani ya udongo, na vyoo vya shimo.

Mwenendo wa EC wenyewe unaelekeza kwenye bahari: inapanda pampu ikifanya kazi, inashuka ikipumzika. Maji ya vyoo hayana tabia hiyo, nayo huja na naitreti. Hata hivyo pelekeni sampuli kamili: sodiamu, potasiamu, kalisi, magnesi, kloridi, salfeti, bikaboneti, naitreti na, maabara ikiweza, bromidi. Katika maji ya bahari uwiano wa sodiamu kwa kloridi ni 0.86 kwa moli, na uwiano wa kloridi kwa bromidi ni karibu 290 kwa uzito. Bahari inapoingia upya kwenye mchanga uliokuwa na maji matamu, chembe za mfinyanzi hushika sodiamu na kuachia kalisi. Kwa hiyo sodiamu ikiwa chini ya 0.86 huku kalisi iko juu kupita kawaida, chumvi ndiyo inaingia sasa hivi. Sodiamu ikizidi huku bikaboneti iko juu, maji matamu ndiyo yanaisukuma chumvi itoke. Jumla ya chaji chanya na hasi zikipishana zaidi ya asilimia 5, rudisheni sampuli maabara, msianze kutafsiri.

Kiasi cha bahari kwenye maji yenu: (1,350 − 120) ÷ (19,350 − 120), yaani asilimia 6.4. Ni kidogo kwa macho, lakini ladha ya chumvi huanza kusikika karibu miligramu 250 za kloridi, na asilimia moja tu ya maji ya bahari inatosha kuwapitisha hapo. Na maji hayo msichanganyie zege lenye nondo.

Kuhusu kuchukua sampuli: bomba lenu lina lita 450 hivi za maji yaliyosimama (mita 36.8 za maji ndani ya inchi 5). Toeni mara tatu ya hizo, lita 1,350, ndipo mjaze chupa. Kipima EC kisawazisheni kwa kimiminika cha 1,413 µS/cm na kile cha 12,880, maana cha kwanza peke yake hakiwaambii kama kifaa kinasoma sawasawa kwenye 4,000 na kuendelea.

Sasa jambo linalonisumbua. Mwamba_na_Maji amejenga hesabu yote juu ya mita 12 za GPS ya mkononi. Kifaa hicho kinaweza kukosea kimo kwa mita kadhaa, na hapa kosa la sentimita 25 tu linahamisha mpaka wa chumvi mita 10. Leteni mpima ardhi na mashine ya leveli, aanzie kwenye alama rasmi ya upimaji. Mpira wa leveli wa mafundi utalazimika kuhamishwa mara 20 au 30 mpaka ufuoni na kosa litajikusanya. Na msichukue sifuri ya jedwali la maji kupwa na kujaa mkadhani ndiyo usawa wa bahari. Sifuri hiyo iko kwenye kupwa kabisa. Kwa Dar es Salaam inapishana na usawa wa wastani kwa karibu mita 2, na mara 40 hiyo ni mita 80 za uongo.

Maji tuli nayo yapimeni kila saa kwa saa 25, pampu imezimwa, mchukue wastani. Mita 600 kutoka ufuoni kisima kinaweza kupumua na bahari, na kipimo kimoja cha asubuhi kinaweza kuwa cha maji kujaa.

Mkazi_wa_Kimbiji aliandika:

Lakini wakuu, huku Kimbiji inajulikana kuna maji matamu kwenye tabaka za chini, mamia ya mita. Mchimbaji hawezi kuwa na hoja?

Mwamba_na_Maji alijibu:

Swali zuri, ndugu. Maji ya Kimbiji yako kwenye tabaka refu la kale lenye shinikizo lake, na visima vyake vilibuniwa kwa ajili hiyo. Kwenda huko kunahitaji mfinyanzi uliothibitishwa kati ya tabaka mbili, na bomba lililofungwa kwa saruji kuanzia juu mpaka ndani ya mfinyanzi huo. Kisima hiki logi yake ni mchanga mpaka mita 48, na mita 70 bila tabaka la kuzuia ni chumvi kali zaidi. Kibaya zaidi, tundu refu lisilofungwa linakuwa njia ya chumvi kupanda mpaka kwenye visima vya majirani.

Fundi_wa_Pwani aliandika:

Shukrani sana. Mpima ardhi ameleta jibu: mdomo wa kisima uko mita 11.75, si 12. Wastani wa maji tuli kwa saa 25 umebaki 11.20. Tulikuwa tumeanza kufikiria kuziba chini kwa saruji mpaka mita 33 na kubaki na skrini ya mita 24 hadi 33.

Mwamba_na_Maji alijibu:

Basi mpango wa mita 33 umekufa, na ni heri umefia kwenye karatasi. Maji yako yamesimama sentimita 55, mara 40 ni mita 22 chini ya bahari, yaani mita 33.75 kutoka juu ya ardhi. Ungeziba kwa saruji ukabaki na d ya sentimita 75.

Hata kama namba zingeruhusu, kuziba ndani ya bomba kuna kasoro nyingine: changarawe iliyo nje ya bomba inaendelea mpaka mita 48, na chumvi itapanda humo kana kwamba hujaziba kitu.

Chimbeni kifupi. Mita 20, skrini kuanzia 14 hadi 20, msizidishe. Chini ya skrini patakuwa mita 8.25 chini ya bahari, kwa hiyo mpaka wa chumvi uko mita 13.75 chini yake. Lakini mpaka huo si mstari, ni mchanganyiko wenye unene wa mita kadhaa. Mimi ningetoa mita 4 za tahadhari na kubaki na 9.75, na hapo hesabu inakupa mita za ujazo 45 kwa siku. Panga 40, yaani 2 kwa saa kwa saa 20. Maji yakihitajika zaidi, chimbeni vifupi vingine viwili vilivyoachana, msikiongezee nguvu hicho kimoja.

Pampu nunueni ndogo. Kuibana pampu ya mita za ujazo 6 kwa geti valvu hadi ibaki 2 kunapunguza maji yanayopita pembeni ya mota, na mota inaweza kuungua. Pampu ya sola inafaa hapa, mradi yenyewe isizidi mita 2 kwa saa jua likiwa kali. Ikifanya kazi mchana tu, mtapata chini ya 40.

Jaribio lifanyike kwa ngazi: mita za ujazo 1 kwa saa, kisha 2, kisha 3, kila ngazi saa nne, EC kila dakika 15. Halafu mita 2 mfululizo kwa saa 72. Lifanyeni kabla ya masika, Februari au mwanzoni mwa Machi, tabaka la maji matamu likiwa jembamba. Kipimo cha Juni kitawafurahisha kama kile cha kwanza.

Kipimo_Sahihi alijibu:

Naongeza mawili. Kisima cha mita 48 msikitelekeze wazi. Kijazeni saruji kuanzia chini kwenda juu kwa bomba la inchi moja lililoshushwa mpaka mwisho, mkilivuta taratibu huku mdomo wake ukibaki ndani ya saruji. Ukimwaga kutoka juu, mchanganyiko unaachana na maji na unabaki na matope. Mfuko wa kilo 50 kwa lita 25 za maji unatoa lita 41 hivi. Bomba zima linahitaji karibu lita 590, yaani mifuko 15, na wekeni akiba ya mitano kwa inayopenya kwenye skrini. Au, ambayo naipenda zaidi, kibakizeni kama kisima cha kuangalia chumvi: shusheni kipima EC chenye kebo mara moja kwa mwezi, taratibu, mkisoma kila mita, pampu ya jirani ikiwa imezimwa. Mjue tu kwamba skrini ndefu huruhusu maji kupanda na kushuka ndani ya bomba, kwa hiyo soma mabadiliko ya mwezi hadi mwezi, usiamini kina kamili. Siku mpaka ukipanda kwa mita mbili, punguzeni saa za pampu wiki hiyo hiyo.

La pili, mtu atawaambia mrudishe maji ya mvua ya paa kisimani. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, hasara ya asilimia 20: mita za ujazo 176. Nyinyi mnatoa 40 kwa siku. Hizo ni siku nne na nusu. Yajazeni kwenye tangi yawe ya kunywa.

Na kabla ya mashine kufika, kibali kipya kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ambatanisheni kipimo cha leveli, logi na jedwali la EC.