Mnakagua dari, maji mnayaacha: kero ya vibali kwa tunaolisha wageni shambani

Wakuu wa jukwaa, na ninyi wakaguzi wa serikali mnaopita hapa, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na siifichi.

Huku mlimani Kilimanjaro familia nyingi zinapokea wageni kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mgeni anachuma kahawa, anaikaanga kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu, anakunywa, halafu anawekewa chakula cha mchana: mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), kachumbari, parachichi la mti ule ule aliokaa chini yake. Bei ya kahawa inavyoyumba mnaijua. Kwa wengi wetu sahani hiyo ndiyo ada ya watoto.

Sasa jaribu kuiuza kihalali. TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri, ukaguzi wa afya, usajili wa jengo la chakula kwa TBS, shirika la viwango (kazi iliyotoka TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mwaka 2019), zimamoto, OSHA (usalama mahali pa kazi), leseni ya utalii, na kila anayegusa chakula apime afya kila miezi sita. Hilo la mwisho silipingi hata kidogo, mwenye homa ya matumbo asishike mwiko. Lakini kila taasisi ina fomu yake, ada yake na siku yake ya kuja, na anayekuja leo hajui wa jana aliandika nini.

Wa mwisho kuja kwangu aliingia jikoni, akapitisha kidole kwenye boriti, akanionyesha masizi. Akaandika: dari iwekwe, ukuta uwe na vigae, jiko la kuni liondolewe. Pipa la maji lilikuwa pembeni yake, hatua moja tu. Hakufunua mfuniko. Hakuuliza maji yanatoka bombani au kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili. Hakuuliza kama tunayachemsha au tunayatia dawa. Kibuyu chirizi chetu cha kunawia mikono mlangoni pa choo, chenye sabuni yake, hakukitazama.

Jamani! Kipindupindu na homa ya matumbo vinapita kwenye maji na mikono yenye kinyesi, havianguki kutoka kwenye masizi. Mfongo unapita kwenye mashamba na mazizi ya watu kabla haujafika kwako. Mtori uliochemka vizuri moto wenyewe umeshausafisha. Cha kuogopa ni kachumbari iliyooshwa kwa maji hayo, kisu kilichokata nyama mbichi kikarudi kwenye nyanya, na machalari yaliyokaa vuguvugu tangu asubuhi yakisubiri gari la wageni lililochelewa. Hayo ndiyo ya kukagua, na kuyakagua hakuhitaji vigae.

Hoteli kubwa ikiambiwa iweke dari, gharama inagawanywa kwa wageni wa mwaka mzima. Mama anayelisha watu sita Jumamosi ataigawanya kwa nani? Matokeo tunayaona: wengi wameacha kuomba vibali. Mgeni anaambiwa chakula ni cha nyumbani, atoe chochote cha shukrani. Hapo serikali imekosa kodi, na jiko hilo halitamwona bwana afya mpaka siku watu watakapougua. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ilitungwa kulinda afya ya watu, lakini kwa utekelezaji huu mnawafukuza wanaotaka kukaguliwa!

Na msituambie hili ni jipya. Tangu 2018 tunasikia habari za MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, kwamba tozo na kaguzi zinazogongana zitapunguzwa. Huku kwetu vijijini bado zinagongana.

Ninachodai ni ukaguzi mmoja wa pamoja na fomu ya jiko la shambani. Chukueni sampuli ya maji mkaipime. Tazameni choo kiko umbali gani na jiko, mikono inanawiwa wapi, nyama inahifadhiwaje, chakula kinakaa muda gani kabla ya kuliwa. Moshi uwe na pa kutokea, sakafu isafishike. Atakayeshindwa hapo mfungieni, hata kama ni mimi, sitalalamika. Na ada ilingane na idadi ya wageni.

Kuna mkuu yeyote hapa, awe wa Lushoto, Mbeya au kwenye mashamba ya viungo kule Unguja, aliyepata kibali akiwa na jiko la kuni? Tuambie mkaguzi alikuandikia masharti gani, na ulilipa nini kwa nani. Nataka niende nayo kwenye kikao cha kata nikiwa na mfano mkononi.