Naomba ushauri: spinachi ya mbegu ya nyumbani, miche inaanguka

Habari zenu wakulima. Niko Mafinga. Mama mkwe alinipa mbegu za spinachi ile ya majani mapana na shina nene jeupe, mbegu anayoivuna mwenyewe miaka yote. Naipenda kwa sababu unachuma majani ya nje tu, nayo inaendelea kutoa kwa miezi.

Nililoweka mbegu usiku mmoja, nikasia kitaluni kina cha sentimita 2 hivi, nikafunika na nyasi. Zilichipua vizuri, tena kila punje ilitoa miche miwili mitatu, maana punje ya spinachi ni kifundo chenye mbegu kadhaa ndani. Wiki ya pili miche ikaanza kukatika shingoni na kulala chini. Nahisi ni kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la miche. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, na nyasi sikuziondoa mapema. Je, nipunguze maji tu, au nihamishe kitalu kabisa? Samadi niliyoweka haikuwa imeoza sawasawa, hilo nakiri.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Nataka kubakiza mbegu, lakini jirani ana bitiruti, na baadhi zimeanza kutoa maua baada ya baridi ya Julai. Bitiruti na spinachi hii ni ndugu wa damu, na chavua yao (unga wa maua) inabebwa na upepo, kwa hiyo zinaweza kuzaana na mbegu yangu ikachanganyika. Aliyewahi kutunza mbegu safi karibu na bitiruti alifanyaje? Nimfuate jirani tukubaliane azikate maua, au nifunike yangu kwa kitambaa? Mbegu za mama zimebaki kiganja kimoja tu.