Tupeane uzoefu: mnawezaje kuendelea kutembea baridi ikikaza?

MwendoPole (Minneapolis, Minnesota)

Habari zenu wakuu. Kiangazi tunapishana kila jioni tukizunguka ziwa Bde Maka Ska, Novemba ikiingia kila mtu kajifungia ndani hadi Aprili. Presha hailali miezi hiyo, sukari nayo hailali. Mnaoendelea kutembea, mnafanyaje?

Naanza mimi. Nimeacha kujadiliana na hali ya hewa asubuhi. Nguo naziandaa usiku, naziweka kwenye kiti karibu na mlango, na nina njia mbili: ya nje na ya ndani. Kabla ya kutoka naangalia baridi ya upepo, yaani baridi mwili unavyoisikia upepo ukivuma, siyo nyuzijoto peke yake. Ikifika nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo sitoki nje, nakwenda kutembea kwenye skyway, yale madaraja ya vioo ya ghorofa ya pili yanayounganisha majengo ya katikati ya jiji. Yote kwa pamoja ni kama kilomita 15. Unatembea na sweta tu, magari yanahangaika na theluji chini yako. Wikiendi sehemu nyingi zinafungwa mapema, kwa hiyo Jumamosi nakwenda Mall of America, maduka yakiwa bado hayajafunguliwa. Wazee wa hapa wamejaa kule asubuhi, na wana mwendo kweli kweli!

Kuhusu nguo: fulana ya pamba isiguse ngozi. Inashika jasho, na ukisimama kidogo tu jasho linakuwa baridi. Ndani vaa ya sufi au poliesta, katikati sweta, juu koti la kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni usikie ubaridi kidogo. Dakika kumi mbele utakuwa umepata joto.

MamaNasra (Oslo)

Asalaam aleikum. Mwenzenu kinachonisumbua ni giza kuliko baridi. Desemba jua linachomoza saa tatu na robo asubuhi, saa tisa na dakika chache alasiri limeshazama. Ukisema utatembea ukitoka kazini, ni usiku. Mimi nimehamishia matembezi kwenye mapumziko ya mchana, nakula haraka halafu natoka. Ule mwanga, hata wa mawingu, unanibadilisha moyo. Ila dada zangu, msidhani unawapa vitamini D: jua la huku wakati huu liko chini mno, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji zaidi. Muulizeni daktari, wengine huku tunakunywa mafuta ya ini la samaki.

Na barafu! Inayoonekana siyo mbaya sana. Mbaya ni ile nyembamba iliyofunikwa na theluji laini ya usiku. Nunueni meno ya chuma ya kuvalisha juu ya kiatu, yana mpira unaovuta, ukiingia dukani unayavua. Bila hayo, piga hatua fupi, uzito uwe kwenye mguu wa mbele, na mikono isikae mfukoni. Ukitembea gizani vaa kitambaa cha kuakisi mwanga, makoti yetu meusi hayaonekani na dereva.

MkingaHalisi (Makete)

Wakuu, msione baridi ni ya Ulaya na Marekani tu. Njooni huku Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Juni na Julai muone umande ulivyoganda mweupe kwenye majani ya viazi! Mimi nilielekezwa hospitali nitembee kwa ajili ya presha. Alfajiri siwezi, kwa hiyo nasubiri saa nne jua likishapanda, nakwenda kwa miguu gulioni na kurudi. Mzula kichwani, sweta la sufi la mitumba, basi. Kilichonisaidia zaidi ni jirani yangu, mzee ambaye naye ana presha. Akipita anapiga hodi, na ukishasikia hodi ya mzee huwezi kubaki kitandani. Kingine, msikubali wanaosema toti ya pombe kali inaleta joto kabla ya kutoka. Unasikia joto kwenye ngozi, lakini mwili wenyewe unapoteza joto.

Binti_Pwani

Asanteni sana. Mimi ni mgeni Minnesota na nina pumu. Nikitoka nje kifua kinabana. Niache kabisa?

MwendoPole

Pole dada. Usiache, ila kaongee na daktari wako kwanza, akuambie kama utumie dawa ya kuvuta kabla ya kutoka. Hewa baridi na kavu ndiyo inayobana kifua. Funika mdomo na pua kwa skafu, vuta pumzi kwa pua, na anza taratibu. Siku za upepo mkali tembea ndani. Dawa na simu viweke mfuko wa ndani ya koti, baridi inamaliza chaji haraka. Kama uko karibu na katikati ya jiji, niandikie faragha, kuna akina mama kadhaa tunatembea nao skyway Jumanne na Alhamisi.