Je, binti aruhusiwe kuvaa suruali kama sare ya shule?

Mama wa Kinangop
Huku kwetu asubuhi za Julai baridi ni kali, na siku nyingine umande huganda shambani. Binti yangu wa kidato cha tatu hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko akiwa na sketi na soksi fupi, ilhali kaka yake wa shule hiyo hiyo huvaa suruali ndefu. Alipovaa suruali ya michezo ndani ya sketi, alirudishwa nyumbani. Nataka kulifikisha jambo hili kwenye mkutano wa wazazi, lakini nimekwisha kuonywa kwamba suruali haimfai msichana mwenye adabu. Nijibu nini?

Mwalimu, Isiolo
Mama, pole kwa hayo. Huku Isiolo, wasichana Waislamu wa shule moja ya kutwa inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe, na waliomba hivyo kwa ajili ya stara. Mahakama ya Rufani iliwakubalia mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa kuwa ombi lenyewe lilifikishwa mahakamani kwa njia isiyo sahihi. Kwa hiyo vazi ambalo kwenu linaitwa utovu wa adabu, kwetu liliombwa kwa jina la adabu. Waambie hivyo.

Mkenya, North Carolina
Shule moja ya huku, Charter Day School, iliwalazimisha wasichana kuvaa sketi, na mwanzilishi wake akaeleza kwamba lengo ni kuwafunza wavulana kuwatunza wasichana kama viumbe dhaifu. Maelezo hayo ndiyo yaliyoiponza: mwaka 2022 mahakama ya rufani iliamua kwamba huo ni ubaguzi, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya shule. Iombe bodi ya shule iandike sababu ya katazo lake. Sababu nyingi hazistahimili kuandikwa.

Fundi cherehani, Nakuru
Usiombe sare mpya, dada. Omba kitambaa na rangi ile ile, nyonga zipanuliwe kidogo, na anayependa sketi aendelee nayo. Suruali iliyomkaza kaka hupunguzwa, akavaa mdogo wake wa kike.

Mama wa Kinangop
Ahsanteni sana. Barua ya kuiomba bodi sababu nitaipeleka Jumatatu, na mkutanoni nitakwenda na suruali ya zamani ya kaka yake, ikiwa imekwisha kurekebishwa.